Pigo Ndani ya Waya: Dramu, Kompyuta na Studio za Arusha

Mwaka 1970 Wilson na George Kinyonga waliiaga Jamhuri Jazz ya Tanga wakaja Arusha. Hapa, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Hawakudumu. Mwaka uliofuata walikuwa wameshavuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya, na Nairobi ikawajua kwa jina jipya, Simba Wanyika. Wapenzi wengi wa dansi wanaihesabu bendi ile kuwa ya Kenya, wala hawakosei sana, maana santuri zilizoipa jina zilitoka huko. Arusha ilibaki kuwa mji waliopita.

Kilichowavusha hakikuwa uhaba wa vipaji wala wa wasikilizaji. Ulikuwa ni uhaba wa chumba cha kurekodia. Aliyetaka kurekodi kaskazini mwa Tanzania alikuwa na njia mbili: aende Nairobi, mwendo wa kilomita 270 hivi, kwenye kampuni za santuri, au ashuke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, akaombe nafasi Redio Tanzania. Arusha penyewe palikuwa na kiwanda cha Philips kilichokuwa kikiunganisha redio, na jina hilo lingali kituo cha daladala kwenye barabara ya Moshi. Kwa hiyo mji ulitengeneza vyombo vya kusikilizia muziki, lakini muziki wenyewe ulilazimika kusafiri kwenda kunaswa kwingine kabla ya kurudi nyumbani kupitia spika.

Katika vyombo vyote vya bendi, hakuna kilichowatesa mafundi mitambo kama dramu. Gitaa la umeme lina waya wake; uchomeke, sauti inaingia. Mwimbaji anahitaji maikrofoni moja. Seti ya dramu ni vyombo sita au saba vinavyopiga kelele pamoja: dramu ya mguu, sneya, dramu za kati, haihati, matoazi. Kuinasa vizuri kunataka maikrofoni kadhaa, mashine ya njia nyingi, na chumba ambacho kuta zake hazirudishi mwangwi. Penye njia mbili tu za kurekodia, mpiga dramu alisogezwa kona ya mbali ili asiwafunike wenzake, na ndiyo maana katika kanda nyingi za zamani dramu inasikika kama inapigwa nyumba ya jirani.

Kisha mlango wa Nairobi ukafungwa. Februari 1977, katika ugomvi uliofuata kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake makuu hapa hapa Arusha ikafa mwaka huo huo. Kwa takriban miaka saba barabara ya Namanga haikumfikisha mwanamuziki studio, labda apite njia za panya. Kompyuta nayo ilikuwa nje ya uzio tangu mapema: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Hoja ilikuwa ya fedha za kigeni, na kwa nchi iliyokuwa ikihangaika kununua mafuta na mahindi hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini matokeo yake ni kwamba wakati wenzetu wa ng'ambo wanaanza kuufundisha muziki lugha ya tarakimu, hapa kifaa chenyewe hakikuruhusiwa kupita forodhani.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mwaka huo huo, Januari, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, vinanda viwili vya kampuni zilizokuwa zikishindana, kimoja cha Sequential Circuits ya Marekani na kimoja cha Roland ya Japani, viliunganishwa kwa waya mmoja. Ukibonyeza kimoja, kingine kinalia. Waliokuwa nyuma ya jambo hilo ni Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, na utaratibu wao uliitwa MIDI. Sidhani kama kuna mtu Arusha aliyesikia habari hiyo mwaka ule. Hata hivyo karibu kila wimbo uliotoka studio za mji huu tangu miaka ya 1990 umepita katika utaratibu huo kwa namna moja au nyingine, na ni vigumu kuelewa kilichotokea hapa bila kujua ndani ya waya ule kunapita nini.

Hakupiti sauti. Watu wengi wanaochomeka dramu ya umeme kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza hawalijui hilo, ndiyo maana wanashangaa wanapogonga na spika zikakaa kimya. Kinachopita ni taarifa: chombo namba fulani kimepigwa, kwa nguvu fulani. Nguvu inaandikwa kwa tarakimu kuanzia 1 hadi 127. Taarifa ya pigo moja ina vipande vitatu, na kwa kasi ya waya ule wa mwanzo, biti 31,250 kwa sekunde, inachukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde kufika. Ni karani anayeandika kwenye daftari, "saa hii, sneya, pigo la wastani," kisha anampa mwingine daftari aamue sneya hiyo ilie vipi.

Pigo lenyewe linageuzwa kuwa umeme kwa ugunduzi wa kale kuliko redio. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme kidogo. Chini ya pedi ya dramu kuna kisahani chembamba chenye tabia hiyo. Fimbo inapotua, kisahani kinatikisika, umeme mdogo unakimbilia kwenye kisanduku ambacho ndicho ubongo wa dramu, na kisanduku kinaupima: umeme mwingi, namba kubwa, umeme kidogo, namba ndogo. Dave Simmons wa Uingereza aliuza seti yake mashuhuri, SDS-V, mwaka 1981, yenye pedi za pembe sita ngumu kiasi kwamba wapigaji walilalamika kuumia mikono. Mwaka 1997 Roland walitoa TD-10, yenye ngozi ya wavu inayodunda na isiyopiga kelele chumbani, na hapo dramu ya umeme ikaacha kuwa kichekesho.

Huku Meru historia ya ngoma ilikuwa na mpindo wake. Wamaasai na ndugu zao Waarusha, wanaoishi kwenye miteremko ya mlima, hawakuujenga muziki wao juu ya ngoma. Mdundo wao uko kooni na miguuni: kiongozi wa wimbo, olaranyani, anatoa ubeti, wenzake wanamjibu kwa mkoromo mzito unaotoka kifuani, na morani anaruka. Ala yao inayosikika nje ya sauti ni pembe ya tandala. Wamisionari wa Leipzig walipokuja, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, huku huku Meru, mwaka 1896. Kanisa la Kilutheri lililokuja kukua baadaye lilileta tarumbeta na kwaya za sauti nne. Kwaya zilipopata kinanda cha umeme, zikapata pia vitufe vya midundo ya kiwandani: rumba, valsi, machi. Kwa waumini wengi wa mlimani, dramu ya kwanza kusikika ibadani ilitoka kwenye kitufe.

Kwa hiyo, tofauti na Dar es Salaam ambako studio za kompyuta ziliwakuta wapiga dramu na wapiga tumba wa bendi kubwa na kuwanyima kazi, kompyuta ilipofika Arusha haikumfukuza mtu ambaye wengi walimzoea. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Malalamiko ya Dar kuhusu "muziki wa mashine" hayakupata mizizi ile ile hapa, kwa sababu hapakuwa na ukumbi mmoja mkubwa uliojaa wapiga dramu waliokosa ujira.

Miaka ya 1990 milango ilifunguka kwa pamoja. Redio za watu binafsi ziliruhusiwa, televisheni ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994, na kompyuta zikaanza kuonekana kwenye ofisi na majumba. Dar es Salaam ikapata maprodyuza waliojifunza kujenga wimbo mzima ndani ya chumba kimoja: Bonny Luv wa Mawingu, Master Jay wa MJ Records, P-Funk wa Bongo Records. Mwisho wa mwaka 1997 kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa programu iliyoitwa FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin. Ilikuwa na safu za visanduku. Kila kisanduku ni pigo. Ukibofya kwa kipanya, kisanduku kinawaka, dramu inalia. Haikuhitaji saundi kadi ya bei mbaya wala chumba kisicho na mwangwi, na iliingia ndani ya diski moja. Nakala zake zilisambaa Afrika Mashariki bila leseni, kama kila programu ya wakati huo, na kizazi kizima kikajifunza kupiga dramu kwa kidole cha shahada.

Hapo ndipo Arusha ilipopata chumba chake. X Plastaz, kundi lililozaliwa mjini hapa katikati ya miaka ya 1990, liliweka rap ya Gsann na Faza Nelly bega kwa bega na uimbaji wa Yamat, Mmaasai aliyekuja na sauti ya nyumbani kwao bila kuipunguza. Albamu yao, *Maasai Hip Hop*, ilitolewa mwaka 2004 na Out Here Records ya Ujerumani. Aang Serian, shirika la vijana lililoanzishwa Arusha mwaka 1999, liliwasaidia vijana wasio na fedha kurekodi. Upande wa Imbaseni, karibu na Usa River, Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wanachama wa Black Panther na waliofika Tanzania mwaka 1972, walikuwa na kituo chao cha jamii, UAACC, ambako vijana walijifunza kompyuta na muziki bila malipo. Mtaa wa Kijenge wakatoka Watengwa, na rapa wao JCB. Wakaja Nako 2 Nako, wakaja Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili. Mji uliokuwa ukipitiwa sasa ulikuwa na lafudhi yake ndani ya spika za Dar.

Biti za miaka hiyo zilikuwa za kubofya. Si aibu, baadhi ni kali mpaka leo. Lakini zilikuwa na sharti moja ambalo kwa mji huu lilikuwa zito kuliko kwingine. Gridi ya programu ina mwendo mmoja: ukisema mapigo 92 kwa dakika, ni 92 tangu mwanzo hadi mwisho. Rapa hana shida na hilo, maana amelelewa na kliki, ule mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo. Olaranyani hakulelewa nayo. Wimbo wake unasukumwa na wanaoruka. Wakichangamka unapanda, akitaka kulivuta neno analivuta, na wanaomjibu wanamsubiri. Ukimvisha spika za masikioni na kumpa kliki ya kompyuta, ama anajikaza na wimbo unapoteza pumzi, ama anaimba anavyojua na prodyuza anakesha akikata vipande vya sauti na kuvivuta mpaka vilale kwenye mistari. Njia zote mbili zimetumika sana na sioni sababu ya kuzificha. Kati ya mbili hizo naona ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu msikilizaji hajui kwamba alichosikia kimenyooshwa.

Kulikuwa pia na umeme. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Kazi ya studio ikawa ya usiku wa manane au ya jenereta, na asiyehifadhi faili kila baada ya dakika chache alijifunza kwa machungu. Mwaka huo huo, Machi, Faza Nelly aliuawa. Gsann aliendelea, na mwaka 2009 akachana kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za BET huko Marekani, miongoni mwa marapa waliokusanywa kutoka pande mbalimbali za dunia.

Dramu ya umeme iliingia kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa ibada. Makanisa ya mjini yaliyokuwa na timu za sifa yalitaka mpiga dramu, lakini ukumbi wa bati na seti ya kawaida haviendani. Sauti inawazidi waimbaji na majirani wanalalamika. Seti ya umeme ina kitufe cha kupunguza sauti. Mahali pengine ilikuwa ni kujifunza: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, kinafundisha muziki, na kijana anayefanya mazoezi katika chumba cha kupanga chenye ukuta mmoja na jirani hawezi kuwa na seti nyingine zaidi ya ile inayolia ndani ya spika za masikioni. Kutoka hapo hadi kwenye laptopu ni waya mmoja wa USB. Waya huo ulitangazwa mwaka 1996, na mwaka 1999 ukawekewa utaratibu wa kubeba MIDI, kwa hiyo seti nyingi za sasa zinatambuliwa na kompyuta bila kuulizwa chochote.

Kutambuliwa si kuelewana. Ubongo wa dramu ukisema "36", programu inatakiwa kujua kwamba 36 ni dramu ya mguu, 38 ni sneya, na 42 ni haihati iliyofungwa. Ndivyo utaratibu wa pamoja wa mwaka 1991 ulivyopanga. Watengenezaji wengine wanaongeza namba zao kwa ukingo wa sneya au kengele ya toazi, na hapo mpiga dramu anapiga toazi inalia kengele ya ng'ombe. Kanyagio la haihati lina mambo yake: halitumi pigo tu, linatuma kiwango cha kufunguka kutoka 0 hadi 127, na programu isiyokisoma inakupa haihati yenye hali mbili, wazi au imefungwa, kama mlango wa choo. Kuna na pedi zinazosikiana. Unagonga dramu ya chini, toazi iliyofungwa kwenye bomba lile lile inajiandika nayo. Dawa ni kupandisha kizingiti cha pedi hiyo ili tetemeko dogo lisihesabiwe.

Adui mkubwa ni kuchelewa. Kompyuta haitoi sauti papo hapo. Inakusanya sampuli, vipimo vidogo vidogo vya sauti, kwenye ndoo kabla ya kuzimwaga. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ndoo ya sampuli 128 inachelewesha kama milisekunde 3, na hapo mkono hauhisi kitu. Ndoo ya 1,024 inachelewesha milisekunde 23, na mpiga dramu ataanza kujisikia anapiga kwenye matope. Tangu mwaka 1997, Steinberg ya Ujerumani ilipotoa ASIO, saundi kadi zinaweza kuzungumza na programu bila kupitia korido ndefu za Windows. Laptopu dhaifu, ambayo ndiyo laptopu ya wengi, ikipewa ndoo ndogo inakoroma na kukatakata. Mafundi wenye akili hawahangaiki nayo: mpiga dramu anasikiliza sauti ya ubongo wa dramu wenyewe, ambayo haichelewi, huku kompyuta ikiandika taarifa tu kimyakimya. Sauti nzuri inachaguliwa baadaye, bila haraka. Ipo pia njia ya kutoa waya wa sauti moja kwa moja hadi kwenye saundi kadi. Ni rahisi na inakubalika kwa onyesho la haraka, ila sneya uliyoichagua jana ndiyo utakayoishi nayo.

Kilichonifanya niandike habari hizi ni jambo ambalo waya wa MIDI umeliwezesha Arusha, na ambalo kipanya hakikuliweza. Taarifa za MIDI zinaandika pigo lilipotua hasa, hata kama ni mbele au nyuma ya mstari. Kwa hiyo kliki inaweza kuzimwa. Olaranyani anaimba na wenzake wanamjibu. Mpiga dramu wa umeme anakaa chumba kile kile, kwa sababu pedi zake hazipigi kelele ya kuharibu maikrofoni zao, na anawafuata. Anapanda wakipanda. Wakimaliza, programu inayasoma mapigo ya dramu ya mguu na kuchora ramani ya mwendo, na gridi yenyewe inapindwa ifuate wimbo. Besi na kinanda vinavyoongezwa baadaye vinaifuata ramani hiyo. Kazi hiyo inakula usiku mzima, wakati biti iliyo tayari inaburutwa kwa dakika moja. Na kwa kuwa mteja wa studio analipia wimbo, halipii saa, prodyuza anayeamua kuifanya kwa namna hii anaifanya kwa hasara yake mwenyewe.